Nukta za Shamba la Polikarp

Nikiwa safarini nikasema natoka Sumbawanga, jirani yangu wa kiti hujisogeza kidogo. Wengine huniuliza kama nimekuja na basi au na ungo. Nimezoea, nami hucheka nao, kwa sababu nikianza kueleza kilichompata shemeji yangu Kalisti hakuna atakayecheka, na safari itakuwa ndefu kwetu wote.

Kalisti alikuwa mume wa dada yangu Rozina. Mzaliwa wa Mwazye, Mkatoliki wa kila Jumapili, mtu wa hesabu na mashine ambaye habari za wachawi zilimtia usingizi. Niliishi nao Chanji, mtaa wa pale Sumbawanga, chumba cha nyuma, na tulifanya kazi ofisi moja. Kwa hiyo mengi ya haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona, na mengine niliyafanya mwenyewe kwa vidole hivi.

Ilikuwa mwaka 2002. Chama cha ushirika kilikuwa kimeshakufa, maghala yake yamebaki ya popo, na mbolea ililetwa na kampuni za watu binafsi, kila mwenye lori akijiita mkombozi wa mkulima. Kampuni yetu ilikuwa na makao Mbeya. Mwezi wa Septemba meneja alituletea kompyuta yenye programu mpya. Ukiifungua inakuja ramani ya Ufipa yote, na kila mteja ni nukta ya kijani juu yake. Ukibofya nukta linatokea jina: huyu ni nani, anachukua mifuko mingapi, lori limfikie kwa njia ipi. Meneja alifurahi sana siku ile. Alisema biashara ya kubahatisha imekwisha, kwamba ukishajua mteja yuko wapi, umemshika.

Kazi ya Kalisti ilikuwa kwenda kuzikusanya hizo nukta. Alipewa pikipiki na kifaa cha GPS, kidude cha kijivu kinachoenea kiganjani, kinachotumia betri mbili ndogo. Alitakiwa asimame mlangoni pa kila mteja, asubiri kifaa kisome mahali pale, aandike jina, abonyeze. Akirudi, mimi nachomeka waya kwenye kompyuta na nukta zinachomoza kwenye ramani kama uyoga baada ya mvua. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa kompyuta, na kazi ile niliipenda, nisiseme uongo.

Kifaa kilikuwa na tabia nyingine. Kikiwa kimewashwa, kinachora njia unayopita. Kila baada ya muda mfupi kinaacha alama na saa yake. Ukitembea, alama zinakuwa mstari. Ukisimama, zinarundikana mahali pamoja.

Desemba mvua zilishika. Barabara zikageuka uji, na meneja alitaka wateja mia mbili kwenye ramani kabla ya Krismasi. Jioni moja Kalisti alirudi mapema, nguo kavu, anapiga mluzi. Tukiwa mezani akatuambia leo ameokota dodo.

Alikuwa amekwenda kwa mzee Polikarp, wakala wetu mkubwa. Shamba la mzee huyo lilikuwa nyuma ya vilima, mwendo wa kama saa nne kwa miguu kutoka kwetu. Lilikuwa shamba la kupigiwa mfano, mahindi na ulezi, halina jani la magugu. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kumwona mzee yule na kibarua hata mmoja. Pembeni ya shamba lilisimama tanuri la kale, yale marefu ya udongo ambayo mababu wa Kifipa waliyeyushia chuma, limepasuka ubavuni.

"Mwanangu, kwa mvua hii utaanguka na pikipiki," mzee alimwambia. "Kaa hapa. Nitawaita waje wote, uwaandikie hapa hapa kwangu."

Kalisti akakubali. Nani asingekubali? Familia arobaini na moja zilizotawanyika vijijini, mpaka kwa wafugaji wa Kisukuma kule bondeni, zilikuja zikapanga foleni chini ya tanuri. Akasoma mahali mara moja tu, kisha akaandika majina yote arobaini na moja kwenye nukta ile ile. Aliamini atayapeleka mahali pake penyewe mvua zikipungua. Ofisini kila mtu alifanya hivyo, hata mimi nilijua.

Kabla ya foleni kuanza, mzee alitaka aone kifaa kinavyofanya kazi. Akamwambia, "Andika jina la mtu unayempenda, nione kama kweli kinaandika."

Kalisti akaandika Herieth. Binti yake, mtoto wao wa pekee, miaka saba. Mzee akalisoma kwenye kile kioo kidogo kwa sauti, polepole, mara mbili.

"Basi," akasema. "Liache tu."

Asubuhi yake nilichomeka waya. Nukta zikachomoza zote mahali pamoja, moja juu ya nyingine. Nilipobofya, jina la kwanza lilikuwa Herieth, mifuko sifuri. Nikacheka peke yangu. Nilitakiwa nilifute, sekunde mbili tu. Nikasema nitalifuta baadaye, nikatoka kwenda kununua maandazi.

*

Baada ya mwaka mpya Herieth alianza kuamka amechoka. Mtoto aliyekuwa akituamsha wote kwa nyimbo sasa ilibidi avutwe miguu. Siku ya tatu Rozina alimfunua blanketi akakuta nyayo zake zina matope. Alimchapa, akidhani anatoka alfajiri kwenda kucheza. Mlango ulikuwa na komeo juu ambalo hata mimi nalifikia kwa kuchuchumia.

Juma la pili viganja vyake vilitoka malengelenge. Mwili wake ukanuka udongo mbichi na mbolea, hata baada ya kuogeshwa. Hospitali walipima damu, wakapima choo, wakasema hawaoni kitu, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Padri alikuja akamwombea na kumpaka mafuta, mtoto akalala kwa amani siku moja. Siku moja tu.

Halafu akaanza kulala hata mchana. Nilikaa naye siku moja saa sita, jua limewaka, redio ya jirani inaimba. Alikuwa amelala chali. Mikono yake ikainuka juu ya blanketi, imefumbata, ikashuka. Ikainuka tena. Ikashuka. Taratibu. Pamoja. Alikuwa analima.

"Herieth," nikanong'ona. "Mwanangu, amka."

Hakufungua macho. "Mama mdogo," akasema, "mwambie babu nimechoka."

"Babu gani?"

"Wa tanuri."

Herieth hakuwahi kupelekwa kwenye shamba lile, wala neno tanuri hakuna aliyemfundisha. Nilitoka nje nikaanua nguo zote kwenye kamba, hata zilizokuwa mbichi.

Siku ya pili yake alikuja ofisini Mboje, mfugaji wa Kisukuma wa kule bondeni, mtu mzima wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikuwa mmoja wa wale arobaini na moja. Hakuketi. Alimwuliza Kalisti, "Kwa nini ulituandika kwa yule mzee? Sisi hatukai pale."

"Ilikuwa ya muda tu, ndugu yangu. Nitawahamisha."

"Nilikupa jina la mke wangu mkubwa, ndiye anayelima. Tumemzika Jumamosi. Alikufa na matope miguuni, na alikuwa hajatoka kitandani siku tisa." Akahamishia fimbo yake mkono wa pili. "Ng'ombe wangu hawapiti tena kando ya shamba lile. Wanasikia majembe."

Kalisti aliangalia meza. Mimi nilikuwa nimeshafungua ramani. Nikabofya ile nukta, nikalitafuta jina la Herieth, nikalifuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo kwa nguvu mpaka kidole kikauma.

Asubuhi lilikuwa limerudi.

Nililifuta mara sita kwa siku sita. Nikajaribu kuihamisha nukta, nikaivuta mpaka Chanji, juu ya paa la nyumba yetu, nikahifadhi, nikazima mashine na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Asubuhi ilikuwa shambani. Nikampigia meneja Mbeya, nikaomba watafute kosa kwenye programu. "Otilia," akaniambia, "hiyo ni nukta. Haina miguu." Nilikaa na simu mkononi nikalia kama mtoto, mtu mzima ofisini, na sikuona haya.

Nyumbani Herieth alikuwa amebaki mifupa. Rozina hakuwa tena akipika wala kuoga, alikuwa amekaa ameishika ile mikono ya mtoto isiinuke. Ilimshinda. Mikono ya mtoto wa miaka saba ilimshinda mama yake.

Mboje ndiye aliyetuambia. Tulimfuata kule bondeni, Kalisti akampigia magoti, mwanamume mwenye cheti cha chuo, kwenye zizi la ng'ombe.

"Zamani wachawi walichukua udongo wa unyayo wako," Mboje alisema. "Wewe umewapelekea unyayo wa watu bila wao kuinama. Mtu aliyechukuliwa unyayo harudi kwa kufutwa. Anatembezwa. Unamtoa pale alipo unamfikisha mlangoni kwake, hatua kwa hatua, bila kukata."

"Kwa hiki kifaa?"

"Si ndicho kilichompeleka? Lakini anayekwenda kuchukua anaacha mtu." Aliangalia ng'ombe wake. "Mimi nilijua hilo kabla mke wangu hajafa. Nina watoto kumi na mmoja, bwana. Niliogopa."

*

Tulikwenda Alhamisi, mwishoni mwa Januari, mimi na Kalisti. Rozina alibaki na mtoto. Tuliondoka asubuhi kwa pikipiki, tukaiacha chini ya vilima. Kalisti alikuwa na betri mbili mpya alizonunua dukani siku ile, zile za bei rahisi, kwa sababu nyingine hazikuwepo mjini. Ukungu ulikuwa mzito. Saa tatu asubuhi, na sikuona ncha ya mkono wangu vizuri.

Tulisikia shamba kabla ya kuliona.

Majembe. Mengi. Yanapiga udongo laini, kwa pamoja, kisha kimya, kisha kwa pamoja. Hakuna sauti ya mtu. Hakuna kikohozi. Ukungu ukasogea kidogo na mbele yetu pakatokea matuta ya mviringo, yale tunayofukia nyasi zioze, yamepangwa safu kwa safu. Hapakuwa na mtu. Tuta lililo karibu nami lilitikisika. Udongo ukaruka. Ukatua.

Nilimshika Kalisti koti.

Mzee Polikarp alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya tanuri, anachonga mpini wa jembe. Mpini mfupi.

"Shikamoo, mzee," Kalisti alisema. Hata pale alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumchukua?"

"Ndiyo."

"Mchukue. Mimi simzuii mtu." Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini. Hakuwa na hasira, hakuwa na haraka. "Ila nafasi yake haikai wazi. Andikeni mmoja wenu, kisha mwende."

Kalisti akawasha kifaa. Kikatafuta mahali, kikapata. Halafu akainua uso akaniangalia.

Hakusema neno. Naapa hakusema. Aliniangalia tu, kama mtu anayeuliza njia. Mimi sikuwa na mume wala mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Herieth alikuwa ananiita mama.

Nikatazama viatu vyangu.

Nilisikia vitufe vikibonyezwa. Herufi moja moja. Kalisti. Nikasikia pia jembe moja likinyamaza kati ya yale majembe, lililokuwa jepesi kuliko yote. Kwenye matope kati ya matuta pakatokea unyayo. Mdogo. Vidole vitano. Kisha mwingine mbele yake. Zilikuja mpaka miguuni pa Kalisti zikasimama.

"Twende nyumbani, mama," akauambia ukungu.

Tukatembea.

Yeye mbele, kifaa mkononi. Mimi nyuma. Niliangalia chini njia nzima, kwa hiyo niliona. Viatu vyake, na ubavuni mwao nyayo mbili ndogo, peku. Alipopunguza mwendo zilipunguza. Palipokuwa na dimbwi zilizunguka. Betri ilionyesha vijiti vitatu. Tulipopanda kilima cha kwanza ilionyesha viwili.

"Shemeji," nikanong'ona, "itazima."

"Tembea."

Mvua ikaanza. Zile nyayo zikaanza kuburuta. Pakawa na mfereji mrefu badala ya unyayo, na nafasi kati yake na viatu vya baba ikawa kubwa. Kalisti akasimama. Hakuna aliyemfundisha. Alichuchumaa njiani, mgongo umeelekea nyuma, kama baba yeyote anavyochuchumaa. Akasubiri. Akainuka amepitisha mikono nyuma, imeshika kitu.

"Shika kifaa wewe, shemeji," akasema. "Mikono yangu imejaa."

Nilikishika. Kwenye matope hapakuwa tena na nyayo ndogo. Zilibaki zake tu, na zilizama zaidi.

Alitembea hivyo zaidi ya saa mbili, ameinama, anamwimbia. Ule wimbo wa Kifipa ambao mama zetu walitubembelezea, alioujua nusu tu, nusu nyingine anaguna. Watu walitupita Chanji wakiwa na miavuli wakamsalimia, wakamshangaa. Kijiti kimoja. Kikaanza kuwaka na kuzima. Niliona paa la nyumba. Nilikuwa nasali bila maneno. Tukapita kwa jirani, tukapita kamba ya nguo, Kalisti akakanyaga kizingiti, na kifaa kikazima mkononi mwangu.

Ndani Rozina alipiga kelele.

Herieth alikuwa ameketi kitandani. Macho makubwa, midomo imekauka. Akasema anataka uji. Kalisti aliingia akakunja magoti, akafungua mikono yake iliyokuwa imekufa ganzi, akakaa sakafuni akamwangalia mtoto akinywa uji mpaka bakuli likaisha. Mtoto akaomba aongezewe. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Nilifika mlangoni, nikashindwa kuingia.

*

Jumapili baada ya misa alisema amechoka kidogo. Akakaa nje kwenye kiti, juani, akavua viatu na soksi. Nyayo zake zilikuwa na matope. Rozina alizitazama, kisha akanitazama mimi, na mimi nikamwambia kila kitu isipokuwa kile kipande cha tanuri. Nilimwambia Kalisti alijiandika mwenyewe kabla sijasema lolote.

Tulimzika siku ya kumi na moja. Mikono yake ilikuwa haitaki kunyooka, ikabidi waifunge kwa kitambaa.

Kwenye ramani alikuwa pale. Nilifungua kila asubuhi. Kalisti, mifuko sifuri. Nilimfuta. Akarudi. Herieth alikuwa Chanji, nukta moja peke yake, ya kijani, na akawa anaimba tena.

Siku ya matanga Rozina alinishika mkono jikoni. "Wewe unajua njia," akaninong'oneza. "Nipe kile kifaa. Nikamlete."

"Nani ataachwa, dada?"

"Nipe kifaa, Otilia."

Nikamwambia kimeharibika, kimeingia maji. Nilitoa betri zake nikazitupa chooni, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikakitia kwenye sanduku langu la bati chini ya kitanda, nikafunga kufuli. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya Herieth, asije akabaki bila baba wala mama. Ni sababu nzuri, nimeitumia miaka mingi. Sababu yenyewe ni kwamba Rozina angenitaka nimwonyeshe njia, na pale chini ya tanuri angeinua uso aniangalie kama alivyoniangalia Kalisti.

Kampuni ilifungwa baada ya miaka miwili. Kompyuta ikarudishwa Mbeya, na wale arobaini na moja sijui waliishia wapi. Niliokuwa nawafahamu wamekufa. Mzee Polikarp yupo, ana meno yote, na shamba lake halina jani la magugu.

*

Sasa ni Februari 2012. Herieth ana miaka kumi na sita. Mwezi uliopita alikwenda shule ya bweni, mara yake ya kwanza kulala nje ya nyumba hii, akatuacha mimi na Rozina tukitazamana. Juzi nilikuwa napanga vitu vyangu nikaligusa lile sanduku. Sijui kilichonituma. Nilifungua kufuli, nikafungua mfuko. Kifaa kilikuwa kikavu, sehemu ya betri tupu, ina kutu kidogo. Nikapanda bodaboda mpaka Katandala nikanunua betri mbili, nzuri safari hii.

Kikawaka.

Nilitegemea kukuta mstari mmoja, ule tuliotembea siku ile, maana ya nyuma nilikuwa nikiifuta kila nilipochomeka waya. Nilikuta kumi.

Ule wa kwanza ni wetu. Mingine tisa ni ya Januari, mwaka hadi mwaka, tarehe ile ile. Kila mmoja unaanzia kwenye tanuri. Unapita vilimani, unaingia Chanji, unapita kwa jirani, unapita kamba ya nguo. Minane ya mwanzo inasimama mahali pamoja, ukutani, chini ya dirisha la Herieth. Alama zimerundikana pale. Niliangalia saa zake. Saa tisa mchana mpaka saa kumi na mbili. Mchana kweupe, mwaka hadi mwaka, sisi tukiwa uani tunachambua maharage na mtoto anafanya kazi za shule ndani, mtu alisimama pale saa tatu nzima. Kisha mstari unarudi vilimani.

Sanduku halikufunguliwa miaka tisa. Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu pamoja na rozari.

Mstari wa mwaka huu ni tofauti. Ulifika dirishani na haukukaa. Herieth hakuwepo. Ukazunguka nyumba kwa nje, polepole, alama ziko karibu karibu. Ukaja upande wa nyuma. Ukaingia chumba hiki nilichomo.

Nikatafuta mstari wa kurudi. Nilisogeza ramani juu, chini, kushoto. Haupo.

Nikaweka kifaa chini. Ndipo nikaona sakafu. Nilikuwa nimeipiga deki asubuhi ile ile, saruji inang'aa. Karibu na kitanda kulikuwa na nyayo mbili za matope. Za mtu mzima, peku, zimekaa pamoja, vidole vimeelekea kwenye mto ninapoweka kichwa.

Nilizifuta kwa tambara. Asubuhi zilikuwepo. Nimezifuta tena leo. Rozina hajaziona, na sijamwambia.

Betri zina nguvu, vijiti vyote vitatu. Njia naijua. Leo asubuhi nilivaa viatu, nikachukua kifaa, nikafika mpaka kizingitini.

Nikavua viatu, nikarudi ndani.